Tundu la kiwandani na tundu la msumari

Hapa Lubumbashi, watu wakishajua kwamba unapenda franga za zamani, watakuletea hata bila kuziomba. Mama atafungua kitambaa, ndani mna sarafu za babu yake, na atataka kujua zina bei gani. Mimi huwa sitaji bei kabla ya kutazama tundu.

Sarafu za shaba za Dola Huru la Kongo, zilizoanza kutolewa 1887, zilitoka kiwandani zikiwa na tundu. Ile ya santimu 10 ina uzito wa gramu 20. Tundu limekaa katikati kabisa, nyota imelizunguka, na mdomo wake ni laini. Lakini zile za madini ya fedha, zenye kichwa cha Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki dola hiyo, hazikutobolewa. Ukikuta tundu karibu na ukingo, juu ya kichwa cha mfalme, jua kuna mtu aliyeivaa shingoni. Msumari husukuma madini yatokeze upande wa pili. Pitisha kidole, utasikia kivimbe. Wengine huliziba baadaye. Hapo itazame kwa kioo cha kukuzia: herufi zimekatika au zimechorwa upya, na rangi ya kiraka haifanani na ya jirani yake. Kagua ukingo pia, kwa sababu kipete cha kupitishia mkufu kikibanduliwa huacha alama ya risasi ya kulehemu au ya tupa.

Sarafu iliyovaliwa siidharau, ina historia ya familia. Ila iuzwe kwa jina lake.

Kinachoniuma zaidi ni usafishaji. Muuzaji huchukua limau na mchanga, au majivu, akasugua mpaka sarafu ing'ae, akiamini ameipandisha thamani. Ameiharibu, na hakuna fundi wa kuirudisha. Shaba ya miaka mingi ina rangi ya kahawia iliyotulia. Ikipitiwa na asidi hugeuka ya waridi, na uchafu hubaki umejificha kwenye pembe za herufi. Iinamishe taratibu chini ya taa: mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja ni kazi ya kitambaa au brashi. Uchakavu wa kupita mikononi hauji hivyo. Huo huanza sehemu zilizoinuka, nywele, shavu, ndevu, na uwanda wa chini hukawia kuguswa.

Sasa ile yetu, ya Katanga ya 1961, jimbo letu lilipokuwa limejitenga na Kongo, yenye picha ya msalaba wa shaba. Franga 5 ilitolewa kwa shaba nyeusi, na mwaka huohuo ikatolewa pia ya dhahabu, karibu ukubwa uleule. Kwa hiyo ile ya shaba nyeusi ikipakwa rangi ya dhahabu, jicho linadanganyika. Mizani haidanganyiki: ya dhahabu ina gramu 13.33, nyingine haifiki gramu 7. Usinunue “dhahabu” ya Katanga bila kuipima, hata kama anayeuza ni shemeji yako. Sumaku haitakusaidia hapa, kwa kuwa haivuti dhahabu wala shaba.

Ukiona unga wa kijani unaokula shaba, itenge na wenzake leo hii. Usiikwangue. Ihifadhi mahali pakavu ndani ya bahasha ya karatasi, na uachane na vile vifuko laini vya plastiki, maana baadhi yake hutoa majimaji yanayonata ambayo nayo huila shaba.