Maswali Yenu Kuhusu Magari: Dimu Inapowasha Kitaa cha Fulu

SWALI: Nina Land Rover 110 ya mwaka 1989. Taa ya mbele ya kushoto imefifia, na kila niwashapo dimu (mwanga wa chini), kitaa cha buluu cha fulu (mwanga wa juu) kwenye dashibodi huwaka kwa mbali. Fundi alifunga balbu mpya za wati 100, lakini hali ni ile ile, na sasa swichi ya usukani inapata moto. Je, ninunue taa nyingine nzima? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya yote naomba uzitoe balbu hizo leo hii. Mbili za wati 100 huvuta zaidi ya ampea 16, ilhali za wati 60 huvuta 10 tu. Swichi ya zamani ikielemewa namna hiyo huyeyuka, na ukabaki gizani ukiwa mwendoni.

Taa usinunue, kwa maana kitaa cha buluu kimekwisha kutuonyesha penye kasoro. Balbu ya aina ya H4 ina nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu, zinazotumia waya mmoja wa ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ili umeme urudi kwenye betri. Waya huo usipogusa sawasawa, umeme wa dimu hukosa njia ya kurudi kwenye betri, hivyo hupenya uzi wa fulu wa balbu hiyo hiyo, ukafuata waya wa fulu hadi kwenye kitaa cha dashibodi na taa ya kulia, na huko ndiko unakoipata ethi.

Ufuate waya mweusi kutoka nyuma ya taa ya kushoto hadi ulipofungwa. Bodi ya gari lako ni ya alumini na boliti ni za chuma; katika hewa ya chumvi kama ya Tanga, alumini inayogusana na chuma huliwa, ikaota unga mweupe unaozuia umeme. Fungua betri, piga msasa mpaka pang'ae, kaza boliti, kisha upake grisi. Baadaye, taa zikiwa zimewaka, pima kati ya waya mweusi kwenye soketi ya balbu na ncha hasi ya betri: ikizidi volti 0.2, vuta waya mpya.

Pima pia kati ya ncha chanya na waya wa buluu wenye mstari mwekundu, ambao ndio wa dimu. Ikipotea volti 1 au zaidi, swichi na waya vimechoka, kwa kuwa gari hili halikuwekewa rilei (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa) za taa kubwa; na volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Mwambie fundi afunge rilei mbili, ya dimu na ya fulu, zikilishwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi, ili swichi ibaki na kazi ya kuziamsha tu.