Mtoto Mnene Akikutwa na Vitamini D Ndogo

Tangu mwanangu apimwe akakutwa na upungufu wa vitamini D, wazazi wenzangu hawaishi kuniuliza swali moja: nimpe dozi gani? Mimi huwa sianzii kwenye dozi. Kwa mtoto aliyenenepa kupita kiasi, upungufu huo utibiwe, hilo halina mjadala. Lakini mara nyingi ni alama tu ya mambo mengine yanayoendelea mwilini mwake, na ukiishia kwenye vidonge, mambo hayo yataendelea chini kwa chini huku wewe umeridhika kwamba mtoto yuko kwenye tiba.

Wengi wanashangaa: jua lote hili la Dar, mtoto anakosaje vitamini ya jua? Hebu fuatilia siku ya mtoto wa Tabata au Kimara. Saa kumi na moja alfajiri anasubiri gari la shule, giza bado. Ndani ya gari vioo vimefungwa, na mionzi inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D haipenyi kioo. Mchana kutwa yuko darasani. Jioni tuisheni, kisha televisheni, na geti limefungwa kwa sababu mtaani hakuna uwanja na bodaboda zinapita kasi. Ngozi yetu nyeusi nayo, pamoja na kutukinga tusiungue, inahitaji kukaa juani muda mrefu zaidi ya ngozi nyeupe ili itengeneze kiasi kilekile.

Kwa mtoto mnene kuna jambo la ziada. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mwili wenye mafuta mengi huitawanya na kuihifadhi humo, na kwenye damu inabaki kidogo. Ni kama chumvi ileile uliyozoea kutia kwenye sufuria ndogo, leo umeitia kwenye sufuria kubwa. Mwaka 2000 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya kuwaweka watu wazima chini ya ile mionzi inayotengeneza vitamini D, kwa kiwango kimoja. Kwa wale wanene, vitamini D iliyoongezeka kwenye damu ilikuwa pungufu kwa asilimia 57 ikilinganishwa na wenzao, ingawa malighafi ya kuitengeneza kwenye ngozi zao haikuwa na tofauti. Ndiyo maana madaktari wengi humpa mtoto mnene dozi mara mbili au tatu ya ile ya mwenzake mwembamba. Na ndiyo maana dozi ya mtoto wa jirani isiwe dozi ya mwanao.

Sasa kuhusu matumaini tunayouziwa, kwamba vitamini D itapunguza unene na kuzuia kisukari. Ni kweli kwamba watoto wenye vitamini D ndogo mara nyingi ndio haohao wenye usugu wa insulini, yaani kongosho linatoa insulini nyingi (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) lakini mwili hauitikii vizuri. Ila mambo mawili kukutana hakumaanishi kwamba moja limezaa lingine. Watafiti waliofuatilia vinasaba vya maelfu ya watu na kuchapisha matokeo mwaka 2013 waliona kwamba unene ndio unaoshusha vitamini D. Upande wa pili, wa vitamini D ndogo kuleta unene, hawakupata ushahidi wa maana. Mwaka 2019 yakatoka Marekani matokeo ya watu wazima 2,423 waliokuwa hatarini kupata kisukari. Nusu yao walimeza yuniti 4,000 (IU) za vitamini D kila siku, na tofauti kati yao na wale wasiopewa haikutosha kusema dawa imezuia kisukari. Kwa watoto wanene majaribio yametoa majibu mchanganyiko, mengine yakionyesha nafuu kidogo kwenye insulini na mengine hakuna.

Kwangu ilikuwa hivyohivyo. Karatasi ya kwanza ya maabara ilisoma 14, wakati chini ya 20 kwa kipimo hicho (nanogramu kwa mililita) huhesabiwa ni upungufu. Tukamaliza dozi aliyoandikiwa, tukarudia kipimo, ikapanda ikapita 30. Nilifurahi sana. Lakini shingo yake ilikuwa vilevile.

Hiyo shingo nataka niizungumzie vizuri, maana iko kwa watoto wengi wa mjini na watu wanaipita tu. Nyuma ya shingo ngozi inakuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine, nene kidogo, ukiigusa ni laini kama mahameli, ina mistarimistari. Hata kwapani inaweza kuwepo. Bibi yake alikuwa akiisugua kwa dodoki na limao kila akimwogesha, akiamini ni uchafu, mtoto analia. Si uchafu. Mara nyingi ni insulini iliyozidi kwenye damu ndiyo inayoifanya ngozi iwe hivyo. Ukiiona kwa mwanao, acha dodoki, mpeleke hospitali, na ukifika usiombe kipimo cha vitamini D peke yake. Omba apimwe sukari akiwa hajala, na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu iliyopita. Omba mafuta kwenye damu, vimeng'enya vya ini (watoto nao wanapata ini lenye mafuta), na presha kwa mkanda unaomtosha mkono. Uzito wake usomwe pamoja na urefu na umri wake kwenye chati. Majirani watakwambia mtoto ana afya, amependeza. Wewe fuata chati.

Kuhusu dawa zenyewe, soma namba kwenye boksi. Kuna vidonge vya yuniti 1,000 na kuna vya yuniti 50,000, na vyote vimeandikwa vitamini D. Vile vya 50,000 kwa kawaida huandikwa kimoja kwa wiki, kwa kipindi maalumu. Akimezeshwa kila siku kwa kudhani ni vitamini tu haina madhara, kalsiamu inaweza kupanda kwenye damu ikamletea kutapika, choo kigumu, hata kuumiza figo. Mahitaji ya kawaida ya mtoto wa kuanzia mwaka 1 ni yuniti 600 kwa siku. Zaidi ya hapo aandike daktari, na aseme lini mtarudi kupima.

Jua lipo bure, ila kuna saa zake. Sisi tunatumia kivuli: kivuli cha mtoto kikiwa kifupi kuliko urefu wake, jua hilo linatengeneza vitamini D. Kikiwa kirefu, kama cha saa kumi na moja jioni, atacheza na atafaidika na mazoezi, lakini vitamini atapata kidogo sana. Jumamosi saa nne asubuhi inatosha, mikono na miguu ikiwa wazi, muda mfupi, kisha kivulini na maji ya kunywa. Mtoto mwenye ualbino haya hayamhusu kabisa. Yeye akingwe na jua, vitamini D apate kwa chakula na dawa.

Kwenye chakula, vibua na dagaa, na kiini cha yai. Samaki wa soko la Feri ukiwahi asubuhi si ghali kama watu wanavyodhani. Wachemshe au waunge nyanya, maana ukiwakaanga kwenye mafuta tele umerudi kulekule.

Kilichobadilisha shingo ya mwanangu ni soda na hela ya shule. Chupa moja ya kawaida ya soda ina vijiko vya chai vinane hadi tisa vya sukari, na yeye alikuwa anakunywa kila siku pamoja na chipsi za mapumziko. Tukaanza kumfungia chakula cha nyumbani na chupa ya maji, soda ikabaki ya sikukuu. Hatukumnyima kula, na hakuna aliyeruhusiwa kumwita bonge nyumbani, wajomba wakiwemo. Jioni anacheza rede na kuruka kamba na binamu zake uani, maana mtoto wa umri wake anahitaji walau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Daktari hakutaka apungue kilo. Alitaka uzito usimame ili urefu uufikie, na hivyo ndivyo ilivyokwenda, polepole, weusi wa shingo ukififia taratibu.

Ukimwona mtoto ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara hata usiku, au anakonda ghafla bila sababu, usisubiri tarehe ya kliniki. Inaweza kuwa kisukari, na kiu na mkojo huo vinaweza pia kuwa dalili ya vitamini D iliyozidi. Mpeleke siku hiyohiyo, na ubebe boksi la dawa anazotumia.