Kabla hujaiachia skripti ibadilishe diski

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, naomba ile skripti yako ya kubadilisha diski zilizokufa. Nimechoka kuamshwa usiku." Ndugu yangu, nakuelewa kabisa. Nami nilianzia hapo hapo.

Nilikuwa na seva ya diski 12 chini ya ZFS (mfumo unaounganisha diski nyingi kuwa hifadhi moja), mpangilio wa raidz2, na diski 2 za akiba pembeni. Skripti yangu, yaani programu ndogo inayojiendesha, ilikuwa fupi: diski ikirudisha makosa, itoe kazini, ingiza ya akiba, anza kujenga upya data yake kwenye hiyo ya akiba. Ilinibadilishia diski kadhaa nikiwa nimelala, na nilijivuna, sifichi.

Kisha usiku mmoja diski moja ikarudisha makosa. Skripti ikaitoa. Dakika chache baadaye ikaitoa na ya pili. Akiba zikawa zimekwisha, mzigo wa kujenga upya mbili kwa mpigo umepanda, ndipo ya tatu nayo ikaanguka. Raidz2 inavumilia kupotea kwa diski 2, basi. Hifadhi yote ikasimama.

Asubuhi nikakuta diski zote tatu ni nzima. Mbovu ilikuwa kebo moja iliyozibeba pamoja na ya nne. Nikaibadilisha, data ikarudi. Lakini bosi alishaniuliza mbele ya timu nzima kama najua ninachofanya, na swali hilo linaniuma hadi leo.

Kinachonikera ni kwamba dalili zilikuwepo. Kwenye taarifa za SMART (vipimo ambavyo diski hujipima afya yake) za diski zinazotumia kiunganishi cha SATA, kipimo namba 199 (makosa ya data ikiwa njiani) kinapopanda huku 5, 197 na 198 (sehemu mbovu ndani ya diski) vimetulia, mara nyingi ugonjwa uko njiani, kwenye kebo au kiunganishi. Vipimo hivyo vitatu vikianza kupanda, hapo diski yenyewe inaoza. Skripti yangu haikusoma hata kimoja.

Jamani, otomatiki isiyo na breki msiiwashe. Walioandika Ceph, programu ya kuhifadhi data kwenye seva nyingi, walilijua hili: kwa kawaida yake husubiri sekunde 600 kabla ya kuihesabu diski iliyokatika kuwa imetoka, na zilizobaki ndani zikishuka chini ya asilimia 75 huacha kabisa kuzitoa zenyewe. Nyingi zikianguka kwa pamoja, tafuta kinachoziunganisha. Rudia kusoma sentensi hiyo.

Na kwenye skripti usiitaje diski kwa sda au sdb, majina ambayo Linux huzipa diski, kwani huweza kuhama seva ikiwaka upya. Tumia namba iliyochapwa kwenye lebo yake, na skripti iwashe taa ya tundu lake ili anayekwenda kuichomoa asichomoe nzima.

Skripti nitakutumia, ila hii ya sasa. Inabadilisha diski moja, kisha haigusi nyingine mpaka ujenzi uishe. Ya pili ikianguka kabla ya hapo itakuamsha, hata saa nane usiku, na naomba uamke.