Barua kwa mwanangu: Kwa nini Montazeri hakungoja

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifika, na swali lako nimelala nalo. Umeniuliza: Ayatollah Montazeri, mwanachuoni mkubwa wa Kishia, alikwishateuliwa kuwa mrithi wa Khomeini, kiongozi mkuu wa Iran, tangu 1985, basi kwa nini hakufunga mdomo kidogo kuhusu wafungwa waliokuwa wakinyongwa, akashika uongozi, ndipo arekebishe mambo akiwa na mamlaka mkononi?

Hesabu yako naielewa. Alivuliwa urithi mwishoni mwa Machi 1989, na Khomeini akafariki tarehe 3 Juni mwaka huohuo. Miezi miwili na siku chache! Lakini umehesabu siku za Montazeri, mwanangu. Za wafungwa hukuzihesabu.

Mwaka 1988, maelfu ya wafungwa wa kisiasa walikuwa wakinyongwa Iran, na wengi wao walikwishahukumiwa vifungo na walikuwa wakivitumikia. Tarehe 15 Agosti Montazeri alikutana nyumbani kwake Qom, mji wa wanachuoni, na maofisa waliosimamia hukumu hizo Tehran. Muharram ndiyo kwanza umeingia. Akawasihi walau mwezi huo wauheshimu, wasimamishe. Mmoja wao akamwomba wawamalizie kwanza watu 200 waliokwisha kutengwa. Soma tena sentensi hiyo. Watu 200 hao wangemngojaje mpaka awe kiongozi?

Tena wengi wa wafungwa hao walikuwa wafuasi wa Mujahidina wa Khalq, kundi la upinzani lenye silaha lililotuhumiwa kutega bomu la Tehran la Juni 1981. Bomu lile liliua watu zaidi ya 70, na mmoja wao alikuwa Mohammad, mwana wa Montazeri wa kumzaa. Mimi ni mzazi. Ukiuawa wewe, Mungu apishie mbali, sijui kama ningepata ulimi wa kuwatetea watu wa kundi hilo. Yeye aliupata. Kwa hilo namheshimu kuliko kwa vitabu vyake vyote.

Simtakasi. Ndiye aliyeongoza baraza lililoandika katiba ya 1979, ile iliyomkabidhi faqihi, yaani mwanasheria wa dini anayeongoza nchi, mamlaka makubwa. Akaja kuyapinga mwenyewe: Novemba 1997, siku ya mazazi ya Imam Ali, aliwaambia wasikilizaji wake Qom kwamba kazi ya faqihi ni kusimamia, si kushika kila kitu, na kwamba Khamenei, aliyemrithi Khomeini, hajafikia daraja ya kuwa marja, mwanachuoni mkuu anayefuatwa na waumini katika hukumu za dini. Kundi la watu likavamia nyumba na ofisi yake, wakavunjavunja. Darasa lake likafungwa. Yeye akafungiwa ndani hadi Januari 2003, miaka mitano na zaidi, mzee wa miaka 75 alipoanza. Na waliomtia ndani walivaa kilemba kama chake. Hilo ndilo linaloniuma.

Umeuliza pia alipata faida gani. Cheo hakupata. Alipofariki Desemba 2009, Qom ilifurika waombolezaji.

Kisha mwaka 2016 mwanawe mwingine, Ahmad, naye shekhe, akaitoa hadharani kanda ya sauti ya kikao kile cha Agosti. Mahakama maalumu ya mashekhe ikamhukumu kifungo. Kanda ina dakika 40 hivi, kwa Kiajemi, na tafsiri ninayo. Ukija likizo tuisikilize pamoja, hasa pale anapowaomba kwa ajili ya Muharram.

Babako