Maswali yenu kuhusu Holi (nendeni usiku wa moto jamani)

Kila ikikaribia Machi meseji za Holi zinakuwa nyingi, watu wamealikwa na marafiki wa chuo au wa kazini kwenye sikukuu ya rangi ya Wahindu na hawajui wajiandaeje. Najibu haya machache, mengi mengine yanafanana nayo.

Rafiki yangu kanialika Holi ila anasema rangi ni kesho yake, tena anaiita Dhuleti. Niende siku gani? (Dada wa Sinza)

Siku zote mbili dada, na kama una nafasi ya siku moja tu mi nakwambia nenda usiku. Wahindu wengi wa Dar, Mombasa na Nairobi asili yao ni Gujarat, jimbo la India, na kwao Holi yenyewe ni usiku wa moto, mwezi ukiwa mpevu, halafu rangi za kesho yake ndo Dhuleti. Hadithi yake ni ya mfalme Hiranyakashipu aliyetaka watu wamwabudu yeye, mtoto wake mwenyewe Prahlad akakataa akashikilia kumwabudu mungu Vishnu, basi shangazi mtu, Holika, ambaye moto ulikuwa haumuunguzi, akampakata mtoto wakakaa naye motoni, kilichotokea akaungua Holika, mtoto akatoka mzima. Jina la sikukuu limetoka hapo.

Mara ya kwanza nilienda siku ya rangi tu, nikafurahi kweli lakini sikuelewa kitu. Mwaka uliofuata mama wa rafiki yangu akaniambia safari hii uje jana yake, nikaenda, nikakuta kina mama wachanga wamebeba vichanga vyao kwenye Holi ya kwanza ya maisha yao, wazee ambao hawajala tangu asubuhi wanasubiri moto uwashwe, watu wanauzunguka moto huku wanamwaga maji kidogokidogo, nazi zinatupiwa motoni zikishaiva zinatolewa zinapasuliwa, na kuna tende na bisi za mtama. Bibi mmoja hata hanijui akanitilia kipande cha nazi mkononi, cha moto, kinanukia moshi. Kesho yake nilipopakwa rangi nikajua sasa kwanini watu wanafurahi vile, maana kuna mtoto amepona. Kama dini yako hairuhusu kuzunguka moto simama pembeni tu na wageni wengine, hakuna atakayekuvuta.

Mimi Muislamu, mwaka jana Holi iliangukia kwenye mfungo nikashindwa kwenda. Itakuwa hivyo kila mwaka? (Kaka wa Tanga)

Hapana. 2024, 2025 na 2026 zote Holi imekuja katikati ya Ramadhani, 2025 rangi zilikuwa Ijumaa ya tarehe 14 Machi. Ila kalenda ya Kihindu nayo ya mwezi huwa inaongezewa mwezi mmoja kila baada ya miaka kama 3 isiachane na misimu, ndo maana Holi haitoki Februari na Machi, wakati Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, kwahiyo 2027 zinapishana. Na ikigongana tena kumbuka moto unawashwa jua likishazama, unafuturu kwanza kwa utulivu ndo unaenda. Rangi za mchana na maji ya bomba zile za kurushia, pichkari, mwambie tu rafiki yako nimefunga, atakuelewa, wao wenyewe wanafunga.

Nimesuka na ngozi yangu ina aleji, rangi zitatoka? (Dada wa Arusha)

Paka mafuta ya nazi mengi usiku wake au asubuhi, usoni, shingoni, masikioni, kwenye mistari ya nywele, halafu funga kilemba ambacho hukionei huruma. Kontakti lenzi zibaki nyumbani. Ukirudi usikimbilie maji, kung'uta unga ungali mkavu kwanza, ndo uoge maji ya baridi na sabuni ya kawaida, usijisugue kwa hasira. Zamani rangi zilikuwa manjano ya jikoni na maua ya mti ambao Wagujarati wanauita kesudo, yanatoa rangi ya machungwa, kwahiyo muulize mwenyeji unga wake wa nini, na kama una pumu kaa sehemu ya wazi. Na tafadhali pasiwe na sigara karibu na unga unaorushwa hewani, Taiwan mwaka 2015 unga wa rangi uliwaka kwenye sherehe ya starehe, wala haikuwa Holi, wakafa watu 15 na mamia wakaungua.

Kaka mmoja alinipaka mpaka kifuani, nilipokasirika akasema "bura na mano, Holi hai". Nimekosea mimi? (Hakutaja anapotoka)

Hujakosea hata kidogo mdogo wangu na imeniuma kusoma. Hayo maneno maana yake usichukie, ni Holi, yamewekwa kwa ajili ya utani wa maji na unga, hayajampa mtu mwili wako. Wenye sikukuu wenyewe wanalipigia kelele hili kila mwaka huko India. Anayejua Holi anakusogelea na unga kidogo kwenye vidole, anakuangalia, ukitabasamu anakupaka shavuni, nawe unampaka lake. Mwambie mwenyeji wako, naamini ataona aibu kuliko wewe.

Thandai ina bangi? (Kijana wa Mombasa)

Yenyewe ni maziwa, lozi, iliki, shamari, pilipili manga, zafarani, tamu sana. Kuna wanaochanganya bhang, ndo hilohilo neno bangi tunalotumia sisi, na sheria ya kwetu inaikataza, kwahiyo uliza kabla hujanywa. Kwenye familia nilizokwenda ilikuwa maziwa matupu. We usibebe nyama wala pombe, beba matunda au mithai, vile vitamu vya Kihindi.

Nimtakie Holi njema Mhindi wa ofisini? (Mama wa Morogoro)

Muulize kwanza, Wahindi wengi wa hapa ni Waislamu, Maismailia na Mabohora, wapo na Wagoa Wakatoliki. Akikwambia ni Mhindu basi sema "Holi mubarak", atafurahi mpaka akuletee mithai.