Gari la nyama halali: chunga safari ya kurudi

Anayepanga kusafirisha nyama halali kutoka Nakuru hadi Kisumu huanza kwa kuuliza bei ya friji. Sawa, lakini biashara hii huharibikia kwenye kurudi. Gari likishashusha, dereva hataki kurudi bure, anapakia chochote. Ukanda huu wafugaji wa nguruwe si haba, na mzigo mmoja tu wa nyama hiyo, hata ufungwe vipi, utakukosesha wateja Waislamu wa Bondeni (Nakuru), Kaloleni (Kisumu) na Mumias.

Basi tafuta mzigo wa kurudi kabla ya kutia saini mkataba wa kwenda. Maziwa ya pakiti yanafaa sana. Samaki ni halali, ila maji ya barafu yake huacha shombo. Wawe kwenye makreti yenye vifuniko, na boksi la gari lioshwe siku hiyo hiyo. Majani chai ya Kericho yaache, yanavuta harufu upesi. Ukikosa mzigo, nauli ya kwenda iwe imeshalipia mafuta ya kurudi.

Ukinunua gari lililowahi kubeba nguruwe, kulisugua kwa sabuni tu hakutoshi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, ondoa kwanza mafuta na mabaki yote, kisha osha mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Chekecha udongo usije ukaziba mitaro. Sehemu zinazosahaulika ni mpira wa mlango, kulabu, matundu ya kutolea maji na wavu wa feni. Mwite imamu au mkaguzi wa halali ashuhudie na aandike. Usiifanye desturi: viwango vya Malaysia havikubali kugeuza-geuza matumizi, leo nguruwe, kesho halali.

Friji ya gari hutunza baridi, haipozi nyama. Ukipakia mizoga yenye joto la machinjioni, mvuke hugeuka matone darini, yanadondokea nyama, nayo inafika ikiteleza. Choma kipimajoto ndani ya paja: ikizidi nyuzi 7, irudi chumba cha baridi. Washa friji boksi likiwa tupu, kama dakika 45 kabla, hadi lifike kati ya nyuzi 0 na 4. Ning'iniza mizoga isigusane wala kugusa sakafu. Mlango ukifunguliwa, zima friji, la sivyo feni zitavuta joto lote la Kisumu.

Hoteli hazilipi zaidi kwa neno "halali" lililochorwa ubavuni mwa gari. Zinalipia karatasi: nakala ya cheti cha halali cha machinjio kisichopitwa na wakati, kibali cha mkaguzi wa nyama, joto la kupakia na la kushusha, na namba ya sili, kile kifungo cha mlango kisichofunguka bila kukatwa. Piga picha ya sili, mtumie mnunuzi kabla gari halijaondoka, na aikate yeye mwenyewe. Ukishusha vituo vitatu, beba sili tatu, kila namba iandikwe kwenye hati ya mzigo mbele ya anayepokea.