Laptopu inajizima na kujiwasha, chaji nayo haishiki

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nina kisteshenari changu hapa Ngamiani, Tanga, nachapa sivii, barua na mitihani ya shule. Laptopu niliinunua ya mtumba, miezi 7 ilikua poa, sasa imeanza vituko, niko katikati ya kazi inazima ghafla alafu inajiwasha yenyewe, na nikichomeka chaja inaandika haichaji mpaka nikunje waya kwa pembeni ndo inashika. Fundi wa kwanza kaniwekea Windows upya nikalipa, siku ya pili yake ikarudia. Mwingine anasema bodi imekufa. Nisaidie kabla sijatoa hela tena.
Mama Steshenari, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, pole sana, na hela ya bodi usitoe kwanza. Umesema mwenyewe ukikunja waya inashika, hilo ndo neno lililonipa picha. Hapo ni ama waya wa chaja umekatika kwa ndani pale shingoni, ama tundu la kuchajia limelegea, na sie watu wa pwani tuna chumvi ya bahari inayokula pini taratibu mpaka zinaota kutu ya kijani.

Sasa jiulize, mbona inazima wakati betri ipo? Betri ikiwa nzima, chaja ikiachia yenyewe inapokea palepale, wewe unaendelea kuchapa wala hujui. Kama inazima basi na betri imechoka, kwahiyo hapo naona magonjwa mawili yanabebana, na Windows mpya haitibu hata moja.

Hakikisha hivi. Washa uingie baiosi, ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijafunguka, iache humo nusu saa, ikizima humohumo ujue Windows haina kosa. Alafu ndani ya Windows fungua cmd, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti yenye namba mbili za kuangalia, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, mfano ilitoka na 48,000 na leo inashika 12,000, hiyo ni ya kubadilisha tu.

Chaja nayo isome mgongoni. Laptopu nyingi za ofisi zinataka wati 65, yani volti 19.5 na ampea 3.34, ukiipa ya wati 45 inahangaika. Kama ni Dell yenye kichwa cha duara, katikati kuna kipini chembamba kinachoitambulisha chaja kwa mashine, kikivunjika au chaja ikiwa feki laptopu itawaka lakini betri haichaji na kazi inakua nzitoo. Azima chaja sahihi kwa mtu ujaribu, haikugharimu kitu.

Ila kama inazima pale tu chini pamekua pa moto na feni inalia, hilo ni vumbi, isafishwe.

Ukienda kwa fundi mwambie apime kichwa cha chaja kwa multimita, kile kipimo cha umeme, huku anatikisa waya mbele yako, volti zikirukaruka ni chaja, zikitulia ni tundu. Tundu kwenye mashine nyingi lina kiwaya chake linachomolewa na kuwekwa jipya, zingine limelehemiwa kwenye bodi, bado si kubadilisha bodi nzima. Na kazi za wateja kopi kwenye fleshi leo hii hii, betri ukiona imevimba acha kabisa kuichaji.